Mahindi Tumboni mwa Dume

Baba yangu, Reino Hakala, alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja: watu wanaomwaga chakula msituni ili kulungu waje kula, halafu wawapige risasi. Ukitaja chambo mbele yake, kahawa ilipoa kikombeni akikuhubiria. Sheria ya kwetu inaruhusu. Galoni mbili za mahindi au matufaha, ukizitawanya vizuri, na hakuna askari wa wanyamapori atakayekugusa. Nusu ya watu wa huku kaskazini mwa Michigan huwinda hivyo na kulala usingizi mnono. Baba aliwaita wafugaji wenye bunduki.

Hakuwa wa maneno tu. Miaka ishirini na sita iliyopita alikuta rundo la matufaha nyuma ya kambi yetu, nyumba ya magogo aliyojenga babu. Aliyeyaweka ni mdogo wake, baba mdogo Waino, na wala hakukana. Baba alichukua viatu na blanketi la Waino akavirusha nje kwenye theluji, mbele ya wanaume sita waliokuwa wanakula. Nilikuwepo. Nakumbuka alivyosema: "Umemwita mezani, halafu ukampiga chakula kikiwa mdomoni." Tangu siku hiyo, wakikutana dukani, mmoja alipita njia ya maziwa na mwingine njia ya mikate.

Mimi, Marlys, binti yake wa pekee, nilikulia kwenye sheria hiyo ya Baba. Niliipenda. Niliwahi hata kuachana na mchumba, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa aliweka chambo. Kwa hiyo sina pa kujificha.

Macho ya Baba yalianza kuondoka akiwa na miaka sabini na minane. La kushoto likafa kabisa. La kulia likabaki na ukungu. Kitu kikiwa karibu anakiona, hatua hamsini anaona kivuli, zaidi ya hapo ni maziwa matupu. Misimu mitatu mfululizo alirudi mikono mitupu, nami nikiwa nimekaa naye bega kwa bega kwenye kibanda cha kuvizia, nikimnong'oneza, "Kushoto, Baba, nyuma ya msonobari," na mpaka aone, mnyama keshapotea. Mwaka huu alitangaza mezani kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho. Hakulalamika. Alisema tu kama mtu anayesema kuni zimekwisha, kisha akaenda kuipaka bunduki mafuta. Nilimtazama mgongo, na nikaamua kwamba hatastaafu mikono mitupu.

Kwa wiki tatu, kila Jumatano na Jumapili, nilimwambia naenda kambini kukagua jiko. Nilibeba mahindi makavu kwenye debe la kahawa. Niliyamwaga hatua arobaini kutoka kibandani, mahali peupe, pale ambapo jicho lake bado lilikuwa na kazi. Nilijiambia ni huruma. Nilijiambia ni halali. Nilijiambia Mama, angekuwa hai, angenisaidia kubeba. Mtu akiwa na sababu tatu kwa jambo moja, ujue hajaipata hata moja ya kweli, lakini wakati ule nilijifanya hamnazo.

Asubuhi ya tarehe kumi na tano Novemba, siku ya kufungua msimu, theluji ilikuwa imefunika kila kitu, na hilo nikaliona baraka. Saa mbili na robo kulungu dume akatoka. Pembe zenye ncha nane, shingo nene. Alikuja moja kwa moja bila kunusa upepo, akaanza kufukua theluji kwa kwato kama mbuzi wa nyumbani.

"Mbona katulia hivi?" Baba akaninong'oneza.

Yule mnyama aliinua kichwa mara moja akatazama upande wetu, akitafuna, kisha akarudi kula. Nadhani alikwishaizoea harufu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa namletea. Baba akavuta pumzi, akapiga, na dume akaanguka palepale.

Baba alilia kidogo. Alinishika begani akasema, "Bado nipo, Marlys. Bado nipo." Maneno hayo siwezi kuyasahau, na ningetoa chochote nisiwe nimeyasikia.

Sasa, Baba ana tabia moja tangu ujana. Akimaliza kumtoa mnyama matumbo, hupasua tumbo la chakula aone alikuwa anakula nini, ili kesho yake ajue pa kukaa. Tabia hiyo naijua tangu nikiwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi. Katika ujanja wangu wote wa wiki tatu sikuikumbuka hata mara moja. Nilipomwona anageuza kisu kuelekea lile tumbo, nilisema theluji inazidi, tuondoke. Akasema haitachukua hata dakika.

Alilipasua. Yakamwagika mahindi, ya manjano, mengine nusu yametafunwa, mengine mazima kabisa. Hata kipofu wa kuzaliwa angejua. Baba aliinama, akachota kiganja kizima, akakisogeza karibu na jicho lake la kulia. Alisugua punje kati ya kidole gumba na cha shahada. Akanusa. Kisha akanigeuzia uso.

"Macho yangu haya," alisema. "Hebu niambie wewe, hiki ni nini?"

Angeweza kuniuliza kwa ukali. Aliuliza taratibu, kama mtu anayekufungulia mlango na kusubiri upite. Nami nikataja chakula cha kawaida cha kulungu msituni: "Mbegu za mwaloni, Baba."

Upepo ukapita. "Aha," akasema. "Mbegu za mwaloni." Akafuta mkono kwenye theluji, akakunja kisu.

Nilijua kwamba amejua. Ningeweza kusema papo hapo. Tulikuwa wawili tu, hakuna wa kusikia. Badala yake nilimfunga dume kamba nikaanza kumburuta kwa nguvu za mtu anayekimbia, nikiongea juu ya supu.

Mjini kwetu, jioni ya siku ya kwanza, madume wote waliopatikana huning'inizwa kwenye boriti ndefu mbele ya kituo cha zimamoto. Watu hunywa kahawa, hula mikate ya nyama na viazi, hupima uzito na kutaniana. Nilitaka tupite moja kwa moja nyumbani. Baba akakataa. Akasema dume wake ataning'inia pamoja na wengine.

Delbert Ruona, anayeshika kipaza sauti kila mwaka, alipomwona Baba alifurahi kupita kiasi. Akawatangazia watu kwamba mzee Hakala, asiyeona hata sahani yake, kawashinda vijana wote bila punje moja ya chambo. Wakapiga makofi. Delbert akamwekea kipaza sauti mdomoni, akamwomba awape siri hao wafugaji.

Baba akasafisha koo.

"Mahindi," alisema. "Niliyamwaga mwenyewe. Wiki nzima."

Makofi yakakatika. Halafu mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata, kicheko kikubwa cha watu waliotuliwa mzigo. "Karibu chamani, mzee," mmoja akapaza sauti. Mwingine akamuuliza anaonaje ladha ya kuwa mwenye dhambi. Walimpiga mgongoni. Walimpenda zaidi kuliko walivyowahi kumpenda, na yeye alisimama katikati yao kama mtu aliyevuliwa nguo, akitabasamu upande usio na watu.

Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Nilikuwa na kikombe mkononi na ulimi kinywani.

Baba mdogo Waino alitoka kwenye kundi. Yeye hakucheka. Akasimama mbele ya kaka yake, mzee kwa mzee, na Baba akamtambua kwa sauti ya kupumua tu.

"Kwa yale matufaha," Baba akasema, "nilikukosea, Waino. Si kwa kukwambia ulikosea. Kwa kukutupa."

Waino alitazama dume, kisha akamtazama Baba, kisha jicho lile lililokufa. "Wewe huoni hata debe, Reino," akasema polepole. "Uliyamwaga wapi?" Na kabla Baba hajajibu, alinigeukia mimi.

Niliangalia kahawa yangu. Ilikuwa na mafuta mafuta juu. Niliiangalia mpaka nikasikia viatu vyake vinaondoka.

Ndani ya pikapu nilishindwa kuwasha injini. Nikasema yote kwa mkupuo, debe, Jumatano, Jumapili, na kwamba nilitaka apate mmoja wa mwisho kwa sababu nampenda. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia anajua kwamba nampenda. Akasema alijua ni mahindi kabla ya kuyashika, kwa namna yule mnyama alivyokuja, na kwamba alipiga risasi huku akijua, kwa tamaa, na dhambi hiyo ni yake, hakuitangaza pale ili kunikinga.

"Basi tumefanana," nikasema. Nilitaka iwe hivyo. Nilitaka tugawane.

"Hapana," akasema. "Nishushe kwa Waino."

Nilimwendesha mpaka kwa baba mdogo, nyumba yenye taa ya manjano kwenye kibaraza. Nikashuka kumshika mkono, maana ngazi zilikuwa na barafu. Aliutoa mkono wake kwenye wangu, bila hasira, akashika reli.

"Bado nina siku kumi na tano za msimu," alisema. "Kesho nitamwomba Waino akae nami kibandani."

Nilimuuliza, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtoto, kama kweli anamchukua mtu wa matufaha aniache mimi.

"Waino alimdanganya kulungu," Baba akasema. "Mimi, aliniambia ni matufaha."

Alipanda ngazi moja moja, akipapasa. Mlango ukafunguliwa kabla hajabisha. Nilibaki nimesimama mbele ya nyumba ile mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna aliyetoka kuniuliza kama naingia.