Kumpisha Mama Haika

Jumatano, tarehe 9 Oktoba. Asubuhi hii kuna ukungu na manyunyu. Mlima hauonekani.

Usiku wa kuamkia leo niliota naongoza mashindano ya magari, mimi ambaye huyaona kwenye televisheni ya kinyozi tu.

Kwanza niseme hali yetu. Mimi na mke wangu, Mama Haika, tunasoma masomo ya jioni ili tufanye mtihani wa kidato cha nne mwezi ujao. Tangu mama yake avunjike nyonga, kila jioni mmoja wetu lazima abaki naye. Nani aache shule? Hakuna aliyethubutu kusema. Nimeliombea jambo hili mpaka magoti yamechoka.

Basi, naendesha. Ni mbio za mwisho za msimu. Timu yetu ina magari mawili, langu na la Mama Haika, na taji ni moja. Mimi hata nikishinda silipati, pointi zangu ni chache. Yeye akishinda leo ni lake. Akiwa wa pili, amelikosa.

Lakini wa kwanza ni mimi. Nafasi ya kwanza ni kigoda, na nimekikalia. Sijawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote. Kigoda kina joto zuri.

Nyuma yangu yuko Mama Haika. Nyuma yake linakuja kabati la vyombo la sebuleni kwetu, bingwa mtetezi. Kila kona glasi zinalia tumboni mwake.

"Baba Haika!" linaniita. "Kaa hapohapo! Usimpishe mtu!"

"Asante," najibu.

Mkuu wa timu ni mama mkwe. Kitanda chake kimewekwa kando ya njia, na sauti yake inanifikia ndani ya kofia.

"Baba Haika, mpishe mwenzako."

"Mama, sauti inakatika."

"Haikatiki. Nakuona unavyotabasamu."

Kona inayofuata inaingia darasani kwetu. Tunapita polepole katikati ya madawati. Mwalimu Kileo ameinua bendera ya njano, na chini ya bendera hiyo hairuhusiwi kupitana. Nikapata nafasi ya kutazama kioo. Mama Haika anakokotoa hesabu juu ya usukani, midomo inacheza, macho mekundu kwa usingizi. Hajapiga honi hata mara moja.

Mwalimu anashusha bendera. Tuko kwenye lami tena.

Nikainuka kwenye kigoda. Akakikalia bila kupunguza mwendo.

"Asante, Baba Haika. Nilidhani hutanipisha."

"Hata mimi."

"Sasa lizuie kabati," anasema mama mkwe.

"Kwa matairi haya, mama?"

"Kwa hayohayo."

Tairi la nyuma la kushoto linakohoa. "Mzee, mimi nimekwisha."

"Vumilia kidogo."

"Ulichagua matairi laini ili ukimbie. Uvumilivu ungeyaomba yale magumu."

Nikaomba, macho wazi kwa sababu ya kona: Bwana, sihitaji mwendo tena, nipe upana. Kabati likienda kulia, naenda kulia. Likienda kushoto, nipo. Milango yake inapigapiga kwa hasira.

"Mwanamume mzima! Kazi yako imekuwa kuwa ukuta?"

"Leo ndiyo."

Tairi likapasuka. Nikateleza mlalo, njia yote ikazibika. Mbele yangu Mama Haika akavuka mstari, na mama mkwe akapiga makofi akiwa amelala.

Nikaamka. Viganja vyangu vilikuwa vyeusi na vinanuka mpira ulioungua. Nimevisugua kwa sabuni mara mbili. Weusi haujatoka.

Sebuleni mama mkwe alikuwa anakunywa uji, Haika anafunga viatu vya shule. Mke wangu akanitazama mikono.

"Ulishika nini?"

"Usukani."

"Usukani wa nani, wewe usiye na baiskeli?"

Nikabaki nimesimama ili wote watatu wanisikie, nikasema kwa sauti:

"Mama Haika, kuanzia leo darasani unakwenda wewe. Mimi nabaki na mama kila jioni mpaka umalize mtihani wa mwisho. Nasema mbele ya mama, mbele ya mtoto, na mbele za Mungu: sitakuuliza unarudi saa ngapi."