Safu ya Nane

Mkunga alifika ofisi ya kukodisha magari ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa, mkaguzi wa magari bado anachonga penseli. Hakuna aliyemtarajia. Mkataba wake wa kukodi ulikuwa umebakiza miaka miwili, na magari yale watu hawakuyarudisha mapema. Vilikuwa vigari vidogo vya mjini vyenye sura ya kizamani: milango miwili, bampa za kung'aa, taa za mviringo kama macho ya mtoto aliyetoka usingizini. Chake kilikuwa cha rangi ya maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimelileta. Nimehamishwa, na huko niendako hakuna hata barabara."

"Kwa kosa gani?"

"Niliandika barua. Niliuliza kwa nini gari la wagonjwa linabeba viti vya harusi za ndugu wa mkurugenzi."

Mkaguzi alichukua fomu yenye mchoro wa gari, akalizunguka. Kazi yake ilikuwa kuweka alama kila palipokwaruzwa, na binti huyu, mwaka wa kwanza tangu amalize chuo, aliifanya kwa moyo. Nje hakukuta mkwaruzo hata mmoja. Akainamisha kiti cha mbele, akaingiza kichwa, akakuta nyuma kuna safu saba za viti badala ya moja. Kwa nje gari lilibaki na urefu wake wa hatua tano. Akatoa futi, akaingia kupima.

Kila safu ilikuwa na wanawake wawili, wote wajawazito, mikanda imefungwa chini ya matumbo. Katika safu ya saba mshonaji mmoja, pini zikiwa bado kwenye kola yake, alivuta mkoba wake kumpisha.

"Pita tu, mdogo wangu. Angalia kichwa."

"Hawa ni wale ambao sikuwahi kufika nao hospitali," mkunga alisema akiwa mlangoni. "Waliowahi walijifungua, wakaenda zao na watoto wao. Hawa wakabaki. Safu ikijaa, gari linaongeza nyingine."

Mkaguzi aliandika saba, akafuta, akaandika saba tena.

"Wanahitaji nini?"

"Chakula hawataki. Wanataka gari litembee. Likisimama kutwa nzima, uchungu unawaanza upya. Niahidi litatembea kila siku, hata kidogo tu."

"Nimeahidi," alisema mkaguzi, kwa sababu mshonaji alikuwa ameshaanza kujishika kiuno.

Meneja aliisoma fomu huku akinywa chai.

"Wamefunga mikanda?"

"Wote, bosi."

"Basi usalama uko sawa. Lakini safu sita zimeongezwa bila kibali. Kesho fundi azikate."

"Na waliokaa humo?"

"Kwani majina yao yamo kwenye mkataba?"

Mkaguzi akarudi mezani kwake, akajaza mkataba mpya kwa jina lake mwenyewe. Kwenye hali ya gari akaandika: kama lilivyo. Jioni ile, ili kodi yake ikalipie gari, alirudisha ufunguo wa chumba alichokuwa amekipanga miezi mitatu tu, chumba chake cha kwanza maishani, chenye dirisha linalotazama mti. Akaenda kulala kitanda kimoja na shangazi yake.

"Umepata gari, umekosa kitanda," shangazi alisema akimsogezea mto. "Hongera. Ila ukikoroma, utalala humo humo garini."

"Garini kumejaa, shangazi."

Tangu hapo alilitembeza kila asubuhi kabla ya kazi. Wapita njia waligeuka kulitazama, wakasema dogo lakini lina madaha. Mshonaji alimtengenezea pindo la sare. Meneja alimwonya mara mbili kwa kuchelewa, akasema ya tatu ndiyo kwaheri.

Asubuhi moja alimkuta mwanamke ameketi ukingoni mwa barabara, amekumbatia tumbo, simu mkononi. Alikuwa akiwapigia watu wa hospitali tangu alfajiri. Mkaguzi alimkalisha mbele, akamfunga mkanda. Gari la wagonjwa likawapita, miguu ya viti vya plastiki imetokeza dirishani.

"Si mbali, dada. Vumilia kidogo."

"Rangi hii nzuri," mwanamke alisema kwa shida. "Ningeipaka chumba cha mtoto."

Mkaguzi alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Waliposimama kwenye taa za mwisho kabla ya hospitali, kiti cha mbele kilikuwa kitupu na mkanda wake bado umefungwa. Kwenye kioo aliiona safu ya nane. Mwanamke yule alikuwa ameketi peke yake, ameng'ang'ania kiti kilicho mbele yake. Mshonaji alikuwa amemgeukia, anamwonyesha jinsi ya kupumua.

Taa ikawa kijani. Ofisi ilikuwa ng'ambo tu ya taa hizo, na ilibaki dakika moja ifunguliwe. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, akitazama saa yake. Mkaguzi alimpungia mkono kwa heshima, akampita bila kupunguza mwendo, akaanza kuuzunguka mji upya, kwa sababu yule wa nyuma alikuwa bado hajatulia.