Hatua Thelathini za Baba

Matone saba ya damu niliyahesabu juu ya majani makavu, kisha hakuna tena. La nane nililitafuta tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa mchana, nikipiga magoti, nikigeuza jani moja moja, mpaka kijitoni chini ya kilima chetu, ambako hata nyayo zilikatika. Mshale wangu nilikuwa nimeukuta umechomeka ardhini ukiwa na damu kidogo na mafuta mengi. Kila mwindaji wa huku anajua maana ya mafuta: umepiga juu mno, mgongoni. Mnyama hafi, wala hapoi upesi. Anakwenda na maumivu yake, na wewe unabaki na yako.

Baba alikuwa nyuma yangu muda wote, fimbo mkononi, akihema.

"Umekurupuka," alisema.

"Sikukurupuka, Baba."

"Basi umevuta upinde kama mtu anayefungua friji. Kulungu kasimama penye kitambaa. Kitambaa kiko hatua thelathini. Nukta ya thelathini unayo kwenye upinde. Sasa niambie, Karna, kosa limetoka wapi kama si mkononi mwako?"

Niliukagua upinde, nukta kwa nukta. Upinde wangu una nukta mbili za kulengea. Ya kijani ni ya yadi ishirini, nyekundu ni ya thelathini, kwa sababu mshale huanguka kadiri unavyokwenda mbali, na nyekundu humfanya mpigaji ainue mkono ili kufidia huko kuanguka. Ukitumia nyekundu kwa mnyama aliye karibu, mshale unampita juu. Mimi nilikuwa nimeweka nyekundu nyuma ya bega la yule dume, nikashusha pumzi, nikaachia. Nilijua nimeachia vizuri. Mtu hujua, kama anavyojua alipopigilia msumari kwa nyundo bila kukosea.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia Baba. Dume lile lilipotoka vichakani na kusimama, macho yangu yaliniambia liko karibu. Niliona kope zake. Nikatazama kitambaa cha rangi ya chungwa juu ya kichwa chake, kile cha thelathini, nikayanyamazisha macho yangu.

Vitambaa ni kazi ya Baba. Kila mwezi wa nane, kwa miaka arobaini, yeye, Orrin Tollefsrud, hushuka kutoka kwenye mwaloni wenye jukwaa letu la kuwindia, akatembea akihesabu kwa sauti, akafunga kitambaa kwenye hatua ya ishirini na kingine kwenye ya thelathini, kila upande. Hatua yake ni yadi moja kamili, haipungui wala haizidi. Majirani walikuwa wakimwita aje awapimie ua wa ng'ombe kwa miguu, na waliotilia shaka walileta kamba wakaaibika. Vile vifaa vya kupimia umbali kwa miale, ambavyo siku hizi kila kijana huku kwetu Wisconsin anavyo mfukoni, havipandi kilima chetu. "Betri ikikuishia," husema Baba, "utamuuliza kulungu yuko wapi?"

Na kuna msumari. Uko kwenye nguzo ya mlango wa ghala, mahali ambapo kila anayeingia lazima auone. Sheria ya nyumba yetu ni kwamba anayemjeruhi mnyama akampoteza hutundika upinde wake pale, na hauguswi mpaka msimu mwingine. Msimu ulikuwa umebakiza wiki tisa. Mimi nina miaka arobaini na mmoja, nakamua ng'ombe sitini mara mbili kwa siku, na asubuhi zile juu ya mwaloni ndizo pekee katika mwaka mzima ambazo hakuna anayeniita. Nilitundika upinde mwenyewe. Baba alisimama akitazama, kama hakimu.

Ningevumilia kama yangeishia hapo. Lakini jioni ile ilikuwa ya karamu ya samaki waliolowekwa kwa magadi, mlo wa asili wa kwetu, kanisani, na sisi huwa hatuikosi. Tulikaa meza moja na Delmar Huseby, jirani yetu anayenunua majani kwetu, na Baba alimwaga siagi juu ya samaki wake akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri, ndiyo balaa yake. Alinyanyua uma kama upinde, akatetemesha mikono, akafumba macho. Meza nzima ilicheka.

"Jamani, Karna!" Delmar alisema, akifuta machozi. "Kwani kulungu alikuwa anakudai?"

"Alimwonea haya," Baba akasema. "Dume zuri kama lile, mwanamke ambaye hajaolewa afanyeje?"

Nikacheka nao. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilicheka. Njiani kurudi nyumbani Baba alipiga mluzi wa wimbo wa kanisani, na kila noti ilinichoma.

Jumapili baada ya ibada nilichukua tepu ndefu ya chuma ghalani nikapanda kilimani peke yangu. Sikwenda kumtafuta Baba makosa. Nilikwenda kujitafuta mimi, kwa sababu kwenye marobota yetu ya majani ya kufanyia mazoezi, karibu na ukuta wa mawe nyuma ya ghala, sikosi. Kutoka kwenye jiwe la kusimamia mpaka usoni mwa marobota ni yadi thelathini. Baba alizipima kwa miguu nikiwa na miaka tisa, na fundi aliyejenga ukuta akathibitisha kwa kamba. Nimepiga pale tangu utoto. Nilitaka kujua kilima kina nini ambacho marobota hayana.

Niliifunga tepu kwenye shina la mwaloni nikaivuta mpaka kwenye kitambaa cha thelathini. Nikasoma futi sitini na saba na nusu. Gawa kwa tatu. Yadi ishirini na mbili na nusu.

Nikarudia, nikidhani imekunjika. Haikukunjika. Nikapima cha ishirini: yadi kumi na tano. Nikapima upande wa pili, nikapima wa tatu, na kila mahali robo nzima ilikuwa imeliwa. Ndipo nikakumbuka masika ya mwaka ule, operesheni ya nyonga, na daktari aliyefanya kazi yake vizuri hata Baba akatembea tena. Akatembea, ndiyo, lakini akiuvuta ule mguu wa kulia. Mwezi wa nane alifunga vitambaa kama kawaida. Alihesabu kama kawaida. Ni miguu tu ambayo haikuwa ya kawaida, na katika kichwa chake kigumu kama kisiki hilo halikuingia.

Nilishuka kilima karibu nikimbie. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka kwenye ncha za vidole. Niliona meza ile ya kanisani, uma uliotetemeka, Delmar akifuta machozi. Mkononi nilikuwa na kitambaa cha thelathini, nimekifungua kwa meno.

Baba alikuwa ghalani akinoa shoka. Nikamtupia kitambaa miguuni.

"Ishirini na mbili na nusu," nilisema.

"Nini hiyo?"

"Thelathini yako."

Alitazama kitambaa, akatazama tepu. "Hiyo tepu imekatika mwanzoni."

"Haijakatika."

"Basi umeivuta juu ya mizizi. Karna, mimi nimepima kilima hicho tangu ukiwa unanyonya."

"Njoo nje."

"Nina kazi."

"Njoo nje, Baba! Jana ulikuwa na muda wa kuwachekesha watu wa kanisa zima juu yangu, leo utakosa muda wa hatua thelathini?"

Sijawahi kumpandishia sauti namna ile. Aliweka shoka chini. Nikamwongoza mpaka kwenye jiwe la kusimamia nikamwonyesha marobota, mbele kabisa, na ukuta nyuma yake.

"Tembea," nikamwambia. "Ulipapima mwenyewe. Nenda mpaka uguse."

Aliniangalia kwa dharau, akashika fimbo yake, akaanza. Alihesabu kwa sauti ileile ya mwezi wa nane. Mpaka kumi alitembea kama mtu anayeonyesha watoto. Mpaka ishirini alianza kuyatazama marobota badala ya ardhi, na nikaona anajaribu kutanua hatua, nyonga ikakataa. "Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini."

Akasimama. Marobota yalikuwa bado mbele yake, mbali, pamebaki nafasi ya kupita trekta mbili.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Nilikuwa nimechagua hata maneno, na yalikuwa mabaya. Baba alikuwa amenipa mgongo. Kisha akainua mguu. "Thelathini na moja," alisema, kwa sauti ya chini, na akaendelea, moja moja, bila kutanua tena, mpaka akaweka kiganja juu ya robota. "Arobaini."

Yale maneno yangu mabaya yakabaki mdomoni, yamechacha.

Alirudi polepole. Uso wake ulikuwa mwekundu, na nilijua si wa aibu peke yake, maana namjua. Alikuwa na hasira kama yangu, ila hakuwa na mahali pa kuiweka.

"Ulimwona yule dume kabla hajasimama?" aliuliza.

"Nilimwona."

"Macho yako yalisema ngapi?"

Ningeweza kudanganya. "Ishirini na mbili. Labda ishirini na tatu."

"Na ukapiga ya thelathini."

"Kitambaa kilikuwa chako!"

"Jicho lilikuwa lako," alisema.

Nilitaka kumpiga na tepu. Nilitaka kumwambia kwamba ni yeye aliyenifundisha kulinyamazisha jicho hilo, tangu nikiwa na miaka tisa, mwaka hadi mwaka, kitambaa hadi kitambaa, na kwamba katika nyumba ile kuona tofauti na Orrin Tollefsrud lilikuwa kosa kubwa kuliko kukosea. Yote hayo yalikuwa kweli. Na kulungu alikuwa huko ng'ambo ya kijito, amelala mahali na kidonda chake, na kwake maneno yetu wote wawili yalikuwa sawasawa.

Baba aliingia ndani. Nilisikia kabati likifunguliwa. Alitoka na upinde wake, ule wa mti aliourithi, akaenda mpaka kwenye nguzo ya mlango, akautundika msumarini juu ya wangu. Msumari ukainama kidogo. Miaka arobaini haujawahi kubeba upinde wake. Na kesho yake Jumatatu, Delmar angekuja kuchukua majani, na angepita mlango uleule.

Nilingoja ashushe wangu. Hakuushusha. Nilinyoosha mkono niushushe mwenyewe, nikagusa uzi wake, nikauacha.

"Kutoka hapa mpaka lango la zizi," Baba alisema, bila kunitazama. "Sema."

"Sitaki mchezo."

"Sema, we mtoto."

Nikatazama. Sikuhesabu hatua za mtu yeyote. "Kumi na saba."

"Mimi naona ishirini."

"Ni kumi na saba."

Akanyoosha mkono, nikampa ncha ya tepu. Aliibana kwenye nguzo kwa kidole gumba, akijiegemeza ili kuupumzisha mguu. Nilikuwa bado nina hasira naye, na nilijua nitakuwa nayo kesho na kesho kutwa.

"Shika vizuri," nikamwambia. "Usiilegeze."

"Nimeshika," alisema Baba.

Nikaanza kutembea kuelekea langoni, chuma kikitoka kwenye gurudumu lake.