Wanne kwa Uchumi, Watano kwa Afya

Apondi Obura alikuwa katika mwaka wake wa tatu kama karani wa data katika kituo cha utafiti wa idadi ya watu, kwenye chuo kikuu kimoja jijini. Kituo kiliwakutanisha wataalamu wa afya, wa uchumi na wa mila, na kila mmoja alikuwa amechomeka maswali yake katika fomu moja ndefu. Wahoji walizunguka mitaa ya Jericho, Tassia na Lucky Summer, na majibu yakafika kwenye kompyuta ya Apondi bila majina. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali majibu yalipogongana.

Jumanne moja alipata fomu ya aina hiyo. Kwenye sehemu ya uchumi, mwanamke wa Jericho alisema ana watoto wanne. Kwenye sehemu ya afya alisema amezaa watano, wote hai. Apondi alikuwa karibu kuandika "irudiwe" aliposhuka chini kuangalia miaka ya kuzaliwa ya watoto. Mjane, umri miaka hamsini na minane, muuza samaki sokoni. Marehemu mume alikuwa mfanyakazi wa reli. Msichana, 1989. Mapacha wa kiume, 1992. Msichana, 1997.

Akasoma tena. Mapacha hao walikuwa Opiyo na Odongo, ndugu zake. Wa 1997 alikuwa Whitney. Wa 1989 alikuwa yeye mwenyewe. Na juu yao wote palikuwa na mstari mmoja zaidi: msichana, 1983.

Kwanza alidhani mhoji amebonyeza vibaya. Akampigia simu.

"Jacky, wiki jana huko Jericho, kuna mama alikuchanganya na hesabu ya watoto?"

"Zii, hakuna. Kuna mmoja tu alinishika mkono akaniambia niandike vile amesema. Kwani kuna noma?"

"Hapana," Apondi alisema, akakata simu.

Kwa siku mbili hakuigusa fomu ile. Alikuwa ameapa kutunza siri za waliohojiwa, na kanuni ilisema ukimtambua mtu, fomu yake umwachie mwenzako. Lakini angeiachaje bila kueleza? Na siri ya mama ni siri hata kwa mtoto wake? Tangu azaliwe, mtaa mzima ulimwita mama yake Mama Apondi, kwa kuwa Apondi ndiye kifungua mimba. Sasa kama kulikuwa na mwingine aliyemtangulia, hilo jina lilikuwa la nani?

Alhamisi alienda kwa Luseno, mratibu wa utafiti.

"Kuna fomu siwezi kuishughulikia."

"Kwa nini?"

"Nikikwambia kwa nini, nitakuwa nimekwambia ni ya nani."

Luseno akamsogezea karatasi. "Niandikie nambari yake tu. Ni kosa la Jacky?"

"Sijui. Kwa kweli sijui."

Jumamosi alimkuta mama yake kibarazani Jericho, akipara samaki. Apondi akavuta kigoda, akashika kisu cha pili. Alikuwa amejiapiza kwamba hatauliza, na hakuuliza. Mama ndiye aliyeanza.

"Watu wa chuo chenu walikuja hapa. Yule msichana aliniuliza nina watoto wangapi, nikasema wanne, vile nimezoea. Halafu akaniuliza nimezaa wangapi kwa jumla, hata wale sikuwalea. Hilo sijawahi kuulizwa na mtu. Baba yako amekufa bila kuniuliza."

"Niliiona fomu, Mama."

Mama aliacha kupara. "Waliniambia hawataandika jina."

"Hawakuandika. Nilitujua kwa miaka yetu."

Akafuta kisu kwa pindo la leso. Kisha akasema, "Ni Roseline."

Apondi alimjua Roseline mmoja tu: mama yake mdogo wa Tassia, kitinda mimba wa nyanya yake, aliyekuwa akimsuka nywele enzi za shule ya msingi.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," mama aliendelea. "Mama yangu akamchukua, akamfanya wake. Baba yako aliponioa, aliambiwa huyu ni shemeji yake."

"Na yeye anajua?"

"Tangu tumzike nyanya yako. Aliniambia, 'Dada, tuache hivyo hivyo.' Mpaka leo ananiita dada. Hao wengine usiwaambie, nitawaambia mwenyewe."

Apondi alijaribu kupanga ukoo wake upya kichwani. Mama mdogo akawa dada, na wale watoto wa Roseline aliokuwa akiwaita ndugu wakawa wapwa wake. Kila alipomaliza upande mmoja, mwingine ulivurugika.

"Nimwiteje sasa?"

"Hata mimi sijui nimwiteje," mama alisema, akamchukua samaki mwingine.

Jumatatu, Luseno aliileta fomu ile kikaoni. Mchumi alisema ni wanne, kwa sababu yeye anahesabu waliolelewa katika kaya. Daktari alisema uzazi ni uzazi, ni watano. Mtaalamu wa mila akasema wote wameuliza vibaya. Mchumi akageuka.

"Apondi, wewe ndiye unayeishi na hizi takwimu. Tuandike wangapi?"

"Hii haimhusu Apondi," Luseno alisema upesi.

Walibishana karibu saa nzima, kisha wakakubaliana majibu yote mawili yabaki kama yalivyo.

Alipotoka kikaoni, Apondi alikuta ujumbe wa Roseline kwenye simu: "Dada ameniambia. Njoo Jumapili, nitakuwa nyumbani."

Aliandika, "Sawa, mama mdogo," akafuta. Akaandika, "Sawa, dada," akafuta tena. Mwishowe akatuma, "Sawa, nitakuja."