Kamati ya Kumponya Sajenti Kingori

Mume wangu Kingori alikuwa mtu wa kelele. Kwa miaka mingi aliwafundisha makuruta wa polisi gwaride pale Kiganjo, na sauti yake ilikuwa ikivuka mto na kushtua ng'ombe wa watu. Makuruta walimwogopa, mimi nilimzoea. Kisha akastaafu. Wakampa saa ya ukutani, wakampa mkono wa kwaheri, akarudi nyumbani kwetu juu ya mji wa Nyeri na kukaa kwenye kigoda nje ya jiko. Mwanzoni nilidhani anapumzika. Kufikia mavuno ya kahawa alikuwa ameacha kuongea, ameacha kunyoa ndevu, na chai niliyompa asubuhi niliikuta mchana imefunga utando.

Mwaka ule kahawa ilikuwa imepanda bei kupita kiasi, na kila mtu alikuwa na uwezo wa kujitibu ugonjwa ambao hakuwa nao. Watu walikwenda hadi Nairobi kupimwa macho ili wapate miwani ya kuonekana nayo kanisani. Lakini mtu akiugua kweli, akaugua ndani, hapo hakuna aliyetaka kusikia jina la ugonjwa wenyewe.

Nilimpeleka hospitali bila kuuliza mtu. Daktari wa akili alikuwa akija mjini mara moja kwa mwezi, Mmeru mmoja mwembamba aitwaye Kaberia, na foleni yake ilizunguka jengo. Hakuwa na muda wa kupoteza. Alimtazama Kingori machoni, akamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya viazi:

"Mzee, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo, afande," mume wangu akajibu.

Hakuwa amesema neno tangu wiki iliyotangulia. Nilishika meza ya daktari.

"Mama, hii ni ugonjwa kama ingine, na iko na dawa," Kaberia akaniambia. "Hizi tembe akule kila siku baada ya chakula. Usimwache peke yake. Kamba, dawa ya kupiga kahawa, toa hizo zote mahali anaweza kufikia. Na umtafutie kazi. Akikaa tu hivyo, tembe peke yake haitatosha."

Nilipofika nyumbani nilipeleka dawa ya kahawa kwa jirani. Kamba ya ng'ombe, ile ya katani, niliificha ghalani chini ya mahindi. Kesho yake nikaona ghalani si pazuri, nikaihamishia darini. Ng'ombe wetu akawa anafungwa kwa matambara niliyosokota mwenyewe, na wapita njia wakanicheka kweli kweli. Niliwaacha wacheke, kwa sababu mimi nilijua ninachokichunga.

Kosa langu lilikuwa kumwambia shemeji yangu Hezekiah. Hezekiah alikuwa mwenyekiti wa chama cha kahawa, mwenyekiti wa josho la ng'ombe, mwenyekiti wa ujenzi wa kanisa, na mwenyekiti wa mazishi yoyote yaliyotokea kukosa mwenyekiti. Mwaka huo alikuwa pia anautaka udiwani. Huko kwetu mtu haruhusiwi kuugua bila kamati, na kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameshaiunda.

"Hiyo neno ya kujiua isisikike hapa, Mama Watiri," akanionya. "Sisi tutasema ni presha."

Kamati ilikaa sebuleni kwangu na kunywa chai yangu yote. Nusu yao walimtaka Mhubiri Peterson, aliyehamia kanisani kwetu kutoka Kenol na kufukuza mapepo kwa kipaza sauti. Nusu walimtaka Nyaga, mganga wa upande wa Embu. Sisi watu wa Nyeri hatumwamini mganga ambaye tunamjua mamake. Lazima atoke mbali ndipo awe na nguvu. Walibishana mpaka ng'ombe akakosa kukamuliwa. Hezekiah, aliyehitaji kura za pande zote mbili, akagonga meza.

"Tutaunganisha! Ati kwa nini tugombane na tuko na Harambee? Kila mtu alete dawa yake, siku moja, Jumamosi."

Wakapiga makofi. Mimi nikauliza, na tembe za daktari je? Mwenyekiti akasema hizo nazo zije, hakuna ubaguzi.

Sasa sikiliza jinsi watu wazima walivyounganisha. Mhubiri Peterson alitangulia kuagiza mgonjwa afunge kula kuanzia Alhamisi. Nikamkumbusha kwamba tembe zinataka chakula.

"Mama Watiri, wewe unaamini tembe kuliko Mungu?" akaniuliza mbele ya watu.

Jumamosi asubuhi nilimpenyezea Kingori tembe na maji, tumbo likiwa tupu kama ngoma. Kufikia hapo Nyaga alikuwa ameshachinja mbuzi na kuchanganya taka za tumbo la mbuzi na majani yake machungu. Mgonjwa huramba kidogo, mganga anataja ubaya mmoja mmoja, na kila ubaya ukitajwa mgonjwa anaambiwa, "Tapika!" Kwa kawaida watu hutema mate tu, ni ishara, kila mtu anajua. Lakini mume wangu alikuwa askari. Alipoamriwa kutapika, alitapika.

Nje ya ua Mhubiri Peterson alikuwa akimfunga shetani kwa kipaza sauti. Ndani ya ua Nyaga aliinama, akachokora kwa kijiti, akainua kitu cheupe.

"Oneni wenyewe! Mfupa! Mfupa ya mtoto, hii ndiyo ilikuwa imewekwa ndani yake!"

Hezekiah alivua kofia. Wanawake walirudi nyuma. Peterson, aliyesikia kutoka nje, alitangaza kwa kipaza sauti kwamba mfupa umetolewa na maombi. Mimi nikasogea, nikatazama.

"Hiyo ni tembe ya Daktari Kaberia," nikasema.

Kila mtu alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akafikiri kama mwenyekiti.

"Inawezekana mchawi alitumia sura ya tembe," akasema.

Walikuwa wanataka kupiga kura kama ichomwe au izikwe, wakati Kingori alipoteleza kutoka kwenye kigoda na kuanguka. Ilikuwa njaa tu, lakini mimi niliona kifo. Nilipandwa na hasira ambayo sijaipata tena maishani. Nilichukua mwiko nikawafukuza wote, mwenyekiti, mhubiri, mganga na watunza hazina wawili, na nikawaambia maneno ambayo bado yanasimuliwa sokoni. Waliondoka mbio. Nyama ya mbuzi hawakuisahau.

Nilimrudisha kwa Kaberia alipokuja tena mjini. Nilipomsimulia aliinamisha kichwa mezani, mabega yakitikisika, nikadhani amehuzunika. Alikuwa anacheka. Kisha akafuta macho, akawa daktari tena.

"Mama, mimi sina shida na maombi. Sina shida na huyo mzee wa majani. Shida yangu ni vile mnazipanga. Aombewe akiwa ameshiba. Huyo mzee amkande, amuogeshe, watembee pamoja, lakini asimpatie kitu ya kunywa wala ya kutapika. Tembe ikae tumboni ifanye kazi yake."

Basi nikawa kamati mimi mwenyewe, kamati ya mtu mmoja, na mikutano yetu ilikuwa mifupi. Asubuhi ilikuwa uji, kisha tembe mbele ya macho yangu. Nyaga alipokuja kudai ngozi ya mbuzi, nilimwambia ataipata akikaa kwetu awe anamchukua Kingori kila siku kutafuta majani kule juu kando ya msitu. Walipanda na kushuka, wazee wawili na kikapu. Nyaga alitaja kila mti kwa jina la Kiembu na mume wangu alinyamaza. Siku moja walirudi wakibishana. Kingori alikuwa amemwambia kwamba mti ule hauitwi hivyo, na aliyemfundisha alikuwa mjinga. Nilifurahi kama mtu aliyesikia mtoto akitamka neno la kwanza.

Mhubiri Peterson nilimpa saa za mchana, bila kipaza sauti. Kwaya yake ya akina mama ilikuwa ikijitayarisha kuingia mjini kwa maandamano siku ya mchango wa kanisa, nao walitembea kama bata wanaokwenda mtoni. Nikamwambia amwite sajenti atazame, atazame tu. Kingori aliketi kwenye benchi siku ya kwanza bila kusema kitu. Siku ya pili vivyo hivyo, ila nilimwona anakunja uso. Siku ya tatu alisimama.

"Nyinyi mama! Hii ni matanga ama ni gwaride? Kushoto! Kulia! Mama Theuri, hiyo ndiyo kushoto yako?"

Ng'ombe walishtuka ng'ambo ya mto. Nililia pale pale, kiondo mkononi, na sikujali nani ananitazama.

Haikuwa kwamba alipona siku hiyo. Kulikuwa na asubuhi mbaya, nyingi, alipogeukia ukuta na kukataa uji, na nikaketi naye mpaka akaula. Kamba niliendelea kuihamisha. Kutoka darini ilikwenda chini ya viazi, kutoka kwenye viazi ikaingia ndani ya sanduku langu la nguo za kanisani.

Kingori aliponyoa ndevu, kamati ilifufuka. Hezekiah alipanga sherehe ya shukrani nyumbani kwangu, na hakuniuliza. Peterson alieleza jinsi maombi yalivyofanya kazi. Nyaga alieleza jinsi majani yalivyofanya kazi. Daktari Kaberia hakualikwa, maana watu wangeuliza daktari wa akili anatafuta nini kwa mtu aliyekuwa na presha. Hezekiah alizungumza kuliko wote, juu ya uongozi. Katikati ya hotuba mbuzi wa kuchinjwa akaponyoka na kukimbilia kwenye migomba.

"Leteni kamba!" mwenyekiti akapiga kelele.

"Kwa hii boma hakuna kamba," nikasema.

"Boma gani hiyo haina kamba?" Watu wakacheka.

Kingori aliinuka kutoka meza kuu. Aliingia nyumbani, na nikasikia bawaba za sanduku langu zikilia. Alitoka na ile kamba ya katani mkononi, akamkamata mbuzi, akamfunga kwenye nguzo kwa fundo la kiaskari. Kisha akaja akasimama karibu nami, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane alisema kwa sauti ya chini.

"Ilikuwa ghalani. Ukatoa ukaweka kwa dari. Ukatoa ukaweka kwa viazi."

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza. "Siku hizo zote?"

"Kila asubuhi nilikuwa naenda kuangalia. Nikikuta umeihamisha, najua kuna mtu bado ananitaka. Basi nangoja kesho, nione utaipeleka wapi."

Nililia mbele ya kamati nzima. Hezekiah akawaambia watu kwamba machozi yale ni ya shukrani kwa kamati, na watu wakapiga makofi. Sikumsahihisha, kwa sababu nilikuwa nimeshika mkono wa mume wangu.

Jioni, mbuzi alipokwisha kuliwa na wenyeviti wakaenda kwao, nilifungua ile kamba kwenye nguzo, nikaihamisha tena.