Dereva wa Basi la Mwisho

Katika mbio za Pietermaritzburg hadi Durban, anayeogopa kuchelewa hupanda basi. Ni kundi la wakimbiaji wanaokwenda kwa mpigo mmoja nyuma ya dereva, mtu mwenye kijiti mkononi anayejua wapi pa kukimbia na wapi pa kutembea. Njia ni kilomita karibu tisini. Masaa kumi na mawili yakiisha, bunduki hulia, na aliyebakiza hatua moja tu hana tofauti na aliyebaki kwao kitandani.

Dereva wa basi la mwisho alikuwa Bhekani Zwane wa Umlazi, fundi wa mafriji. Alikuwa hajawahi kuchelewesha mtu. Juu ya kijiti chake alikuwa amefunga kitambaa cha rangi za upinde wa mvua, kwa sababu Bhekani alipenda wanaume na alishachoka kulinong'ona jambo hilo. Miaka minne nyuma alimleta mpenzi wake, Sifiso, mazoezini, akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye anayempikia na yeye ndiye anayemfulia. Baadhi walicheka, baadhi wakaacha kumpa mkono. Mwaka huu mwenyekiti wa klabu, Baba Khuzwayo, alimwekea sharti: kitambaa kishuke, au aongoze basi bila fulana ya klabu. Bhekani aliivua palepale, akaikunja vizuri, akamkabidhi.

Kwa hiyo leo alikimbia na fulana nyeupe ya dukani. Njiani walevi wawili waliuliza kama hilo ndilo basi la mashoga. Bhekani akawajibu kwamba nafasi zipo, wapande, ila wasitapike ndani. Basi zima likacheka, na kicheko kikawasukuma hadi juu ya kilima.

Karibu na Pinetown walimkuta Baba Khuzwayo pembeni, ameshika magoti. Alfajiri aliondoka kwa mbwembwe na vijana wenye mbio. Hii ilikuwa mara yake ya kumi, na anayemaliza mara kumi hupewa namba yake ya milele, isiyovaliwa na mwingine. Alijipenyeza mkiani mwa basi kimyakimya. Bhekani alimwona. Alimpitishia kiazi cha chumvi.

Zilipobaki dakika tisa na kilomita moja, mzee alijivuta hadi mbele.

"Bhekani, mwanangu," alisema, akihema. "Pale langoni kuna kamera. Kanisa langu lote linaangalia. Kikunje kidogo tu, tukishapita utakikunjua."

"Baba, nimekibeba tangu alfajiri. Nikikunje kamera zikifika?"

"Nakuomba kama mzazi wako."

"Na mimi nakujibu kama dereva wako. Kuna mtu amekaa mbele ya televisheni sasa hivi anadhani yuko peke yake duniani. Huyo ndiye ninayempelekea. Kama hutaki kuonekana na mimi, barabara hiyo, nenda mbele."

Maneno yalikuwa makali na Bhekani aliyajua makali yake. Mzee hakuwa na miguu ya kwenda mbele. Akapunguza mwendo, safu moja ikampita, kisha ya pili.

Hapo mtu mmoja akatoka mkiani. Alikuwa Lwandle, askari magereza kutoka Ladysmith, jitu la watu ambalo kila mwaka lilikimbia safu ya nyuma na kuitikia nyimbo bila kuzungumza na mtu. Akakishika kijiti chini ya mkono wa Bhekani.

"Kitambaa hiki nilikiona kwenye televisheni nikiwa bwenini kazini," alisema. "Mwaka wa tatu huu nakifuata kutoka nyuma. Leo nishike na mimi."

"Kazini watakuona."

"Waone."

Bhekani alimwachia nafasi kwenye kijiti. Kisha akapaza sauti bila kugeuka: "Basi langu halimwachi mtu. Baba Khuzwayo, kimbia!"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mzee alikimbia. Aliingia uwanjani nyuma tu ya dereva, na upepo ukamfunika uso kwa kile kitambaa mbele ya kamera zote. Bunduki ililia dakika mbili baadaye.

Kwenye majani ya uwanja, mzee alilia na medali yake mpaka machozi yakamwishia. Kisha akajifuta, akamwonya Bhekani asije na kitambaa hicho mazoezini Jumanne.

"Nitakuja nacho," Bhekani alisema, "na fulana yangu utanirudishia."

Lwandle alikuwa ameshachukua mkoba wake, na simu ndani yake haikuacha kuita. Aliitoa, jina la mkuu wake wa zamu likiwaka. Kisha akaiweka sikioni.

"Ndiyo, afande," alisema. "Umeona sawasawa. Ni mimi."