Mama Titulaire na Homa ya Kagabo

Dorothée alikuwa na miezi minne tu tangu awe titulaire, yaani muuguzi anayeongoza kituo cha afya, kwenye kilima kimoja karibu na Karuba. Daktari hakuwepo pale; alikuwa kwenye hospitali ya rufaa, nusu siku kwa pikipiki mvua ikinyesha. Zamani muuguzi wa kituo hicho aligawa vidonge vya malaria, na aliyezidiwa akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali. Dorothée alikuwa amefundishwa zaidi ya hapo: kumpapasa mgonjwa, kumuuliza, na kuamua mwenyewe. Ila watu wa kilimani hawakuwa wamezoea hayo.

Jumatatu moja asubuhi alifika Kagabo, mfugaji mwenye ng'ombe ishirini na kitu, akiegemea bega la mkewe, Isimbi. Kwa miezi miwili homa ilikuwa inakuja na kuondoka, jasho linamlowesha, kiuno na magoti vinamuuma hadi fimbo ya kuchungia ikawa nzito mkononi. Dawa za malaria alishazimeza mara tatu. Alipomwona Dorothée peke yake mezani, akauliza daktari anakuja saa ngapi. Akaambiwa hakuna daktari. Basi akamgeukia mkewe, akasema warudi, watatafuta gari ya maziwa iwapeleke Goma. Isimbi aliketi kwenye benchi, akavua viatu vyake vilivyojaa matope. Kagabo, ambaye bila bega lile asingefika hata mlangoni, naye akaketi.

Kipimo hakikuonyesha malaria. Dorothée akampapasa tumbo, akakuta bandama imevimba kidogo. Kisha akaanza kuuliza habari za zizini. Ng'ombe wanaendeleaje? Kuna aliyetupa mimba mwaka huu?

"Mama, mugonjwa njo mimi," Kagabo akasema. "Ngombe haziko na homa."

"Najua, Papa. Uniambie tu."

Isimbi ndiye aliyesema. Ng'ombe watatu walikuwa wametupa mimba, na Kagabo mwenyewe aliwahudumia kwa mikono mitupu. Na maziwa je? Hapo Kagabo akachangamka kidogo. Akaeleza kwamba tangu utoto wake hunywa maziwa mabichi, yakiwa bado na joto la ng'ombe, na kwamba kuyachemsha ni kuyaharibu.

Upo ugonjwa wa ng'ombe unaompata mtu kwa njia hizo hizo, unaitwa brucellose. Dorothée aliusoma darasani, hajawahi kuuona kwa mgonjwa. Alipanda nyuma ya kituo, mahali simu inaposhika, akampigia Docteur Déo wa hospitali. Akamweleza yote, kisha akangoja aambiwe la kufanya.

"Wewe unafikiri ni nini?" daktari akauliza.

Hakuna daktari aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Brucellose, Docteur."

"Hata mimi. Tuma damu leo. Dawa unazijua?"

Akazitaja moja moja pamoja na vipimo vyake. Daktari akamwambia basi, jibu likithibitisha aanze, mgonjwa ni wake.

Damu ilikwenda kwa pikipiki siku hiyo hiyo, na Jumatano jibu likarudi: ni yenyewe. Isimbi alicheka kwa furaha. Kumbe homa ile ilikuwa na jina, na dawa yake ilikuwepo. Kagabo alipewa dawa za majuma sita.

Juma la tatu hakuonekana kituoni. Dorothée akapanda kilima hadi kwake, akamkuta anakimbiza ndama uani. Alikuwa amepona, akasema, kwa hiyo vidonge amewawekea watakaougua baadaye. Dorothée alimweleza taratibu kwamba ugonjwa umelala tu, akiacha sasa utaamka na nguvu mpya. Isimbi alikuwa ameleta kikombe cha maziwa kwa ajili ya mgeni. Dorothée akakipokea kwa mikono miwili, akauliza kama yamepita motoni.

Mume na mke wakatazamana. Kisha Kagabo mwenyewe akachukua sufuria, akamimina maziwa yote, akayaweka jikoni. Wakayangoja yachemke huku akimsimulia Dorothée habari za fahali wake mmoja anayeogopa mvua, hadi wote watatu wakacheka. Kagabo alipotaka kumeza vidonge kwa maziwa, Dorothée akamwambia hapana, kwa maji, maana maziwa hupunguza nguvu ya dawa. Maziwa Kagabo akayanywa baadaye, akakunja uso, akamaliza kikombe.

Majuma sita yalipotimia, alikuwa anachunga mwenyewe. Daktari wa mifugo alikuja kupima kundi lote. Ng'ombe wanne waliokutwa na ugonjwa ilibidi waondolewe, na siku hiyo Kagabo hakula. Lakini ndiye aliyewaambia majirani waende kwa Mama Titulaire na homa zao, nao wakaenda.

Mwezi uliofuata Docteur Déo alimwomba Dorothée aende kuwafundisha wauguzi wa vituo vya Kirolirwe na Ngungu namna ya kuitambua homa hiyo. Aliandaa somo lake siku tatu, akalisoma kwa sauti mbele ya Isimbi, kisha akapanda pikipiki na daftari kifuani, ndani ya koti la mvua.